Nilikunywa kwa Niaba ya Mwenyekiti

Aliyekunywa ni mimi. Naanza na hilo kwa sababu kijijini kwetu, huku upande wa Bashay, bado wapo wanaosema alikunywa mume wangu, na wengine wanasema hakunywa mtu, kibuyu kilizungushwa tu kwa heshima. Si kweli. Nilikunywa mimi, mafunda matatu, nimesimama, mikono imejaa unga. Tena nilikunywa kwa haraka kwa sababu makande yangu yalikuwa yanaungua jikoni.

Nieleze tulifikaje hapo.

Kijiji chetu kina watu wa mlimani na watu wa bondeni. Wote ni sisi kwa sisi, tumeoana, tunazikana, lakini mlimani walikuwa chama kimoja na bondeni chama kingine, na mwaka ule wa uchaguzi wa serikali za mitaa nusura tuuane. Mume wangu aligombea uenyekiti wa kijiji kwa upande wa mlimani. Alishinda kwa kura chache mno, na halmashauri ya kijiji ikagawanyika nusu kwa nusu. Wa bondeni wakasema wameibiwa. Wa mlimani wakasema waende wakalalamike wanakojua. Asubuhi moja tukakuta ng'ombe wa jirani amekatwa mkia, mnyama wa watu kasimama zizini anavuja damu, hajui hata alimpigia nani kura.

Wakati huo nilikuwa bado nafundisha shule ya msingi. Watoto waliacha kukaa dawati moja. Binti wa darasa la tatu aliniambia, "Mwalimu, baba kasema nikikaa na huyu wa bondeni atanichapa." Niliwachapa wote wawili kidogo ili wajue mwenye darasa ni nani, halafu nikaenda kujificha nyuma ya choo cha walimu. Sisemi nilikuwa na wasiwasi. Niliogopa kabisa. Kila nikiona vijana watatu wamesimama pamoja njiani, nilikuwa nageuza njia.

Ndipo wazee wakaingilia kati. Mkubwa wao ni jirani yetu, mzee wa sweta la kahawia na redio ndogo mfukoni, mtu wa kesi za mbuzi, msumbufu kweli kweli. Kesi zake pekee zilitosha kumchosha mwenyekiti yeyote. Lakini ndiye aliyebaki anayejua maneno ya zamani yote mpaka mwisho, na watu walikuwa wanamwogopa, mimi nikiwemo. Wazee walikaa siku mbili wakatoka na jambo lao. Mume wangu akae nusu ya muhula. Nusu ikifika, aandike barua ya kujiuzulu, na mlimani wote wamuunge mkono mtu wa bondeni amalizie muda uliobaki. Huyo wa bondeni alikuwa mkulima wa vitunguu swaumu, mpole, niliyemfundisha mwenyewe kusoma. Mpaka leo akinisalimia anavua kofia.

Vijana wakaiita serikali ya mseto, neno walilolisikia redioni. Yule wa vitunguu wakamwita makamu. Mtendaji wetu wa kijiji, binti aliyeajiriwa kutoka mkoa mwingine, alinifuata nyumbani kichwa kinamuuma. "Mwalimu," akasema, "hakuna kitu kama hiki kwenye sheria. Kijiji hakina makamu mwenyekiti. Mwenyekiti hapokezani na mtu kama jembe."

"Mwanangu," nikamwambia, "kwenye sheria hakuna pia mkia wa ng'ombe. Waache wazee wafanye yao."

Mapatano yalifungwa uani kwetu, Jumamosi, mchana kweupe. Wazee walileta pombe ya asali kwenye kibuyu kirefu. Makamu akanywa, tena alikunywa vizuri, utadhani ametoka kulima. Kibuyu kikaja kwa mume wangu. Akarudisha mikono nyuma.

"Wazee wangu, mnisamehe. Mimi nimeokoka. Huu mwaka wa tisa sijagusa pombe."

Mimi nilikuwa jikoni na akina mama, nikachungulia. Wa bondeni walikuwa wameanza kutazamana, na mmoja alishaokota fimbo yake. Yule mzee wa sweta akasema taratibu, "Hatukulazimishi. Wewe usinywe. Nyumba yako itakunywa. Mwite mkeo."

Hiyo ndiyo desturi ilivyo. Mtu asipoweza kunywa, mgonjwa au vinginevyo, nyumba yake inakunywa na kiapo kinakuwa kimefungwa. Niliitwa. Nikatoka na unga wangu mikononi, nikapewa kibuyu. Mzee akaanza maneno yake, na baada ya kila sentensi watu wote waliitikia pamoja kwa sauti nzito. Aliomba mvua, aliomba ng'ombe, aliomba amani kati ya mlima na bonde. Halafu akabadilisha sauti. Akasema atakayeyavunja mapatano haya, nyumba yake isisikie sauti ya mtoto mchanga. Watu wakaitikia. Na mimi niliitikia. Nikameza funda la tatu, nikarudisha kibuyu, nikakimbilia makande. Yalikuwa yameshika chini.

Nataka kuwa mkweli hapa. Siku ile sikuogopa hata kidogo. Nilifurahi kwamba fimbo zimewekwa chini.

Na mseto ule, jamani, ulifanya kazi. Mume wangu alikuwa mwenyekiti mzuri, nasema hivyo hata kama ni wangu. Vikao vya kwanza vilikuwa vichekesho. Waligombana nani afungue kwa sala, wa mlimani au wa bondeni, mpaka wakaamua kila kikao kiwe na sala mbili, na kila msali anajaribu kumzidi mwenzake urefu. Waligombana viti. Lakini ukaja mradi wa maji, bomba kutoka chemchemi ya mlimani hadi bondeni, na mume wangu akapanga wachimbaji wawili wawili, mmoja wa huku na mmoja wa kule, mtaro mmoja. Alishika sururu yeye mwenyewe. Alirudi nyumbani viganja vimechubuka, nikawa namkanda na maji ya chumvi huku ananihadithia nani kamtania nani. Shuleni watoto wakarudi kukaa dawati moja. Nilistaafu darasa langu likiwa limetulia.

Sisi tuna mtoto mmoja tu aliye hai, binti. Ameolewa na dereva wa malori ambaye anakaa barabarani kuliko nyumbani. Alikuwa ameshapoteza mimba mbili. Ile ya tatu ilipofika miezi sita, mume wake akatuomba akae kwetu, asiwe peke yake. Nikampokea. Nikapiga hesabu ya miezi kwa vidole, kama anavyopiga mama yeyote. Nikafurahi, nikaanza kutafuta kanga laini za kumpokelea mtoto.

Hesabu nyingine sikuipiga. Ilinijia siku moja ninachambua maharage. Nusu ya muhula ilikuwa imefika mwezi huo huo, na mume wangu hakuwa amesema lolote kuhusu barua.

Nilimsubiri amalize kula.

"Mwezi umefika," nikamwambia.

"Mwezi wa nini?"

"Wa barua."

Akanawa mikono polepole. "Maji yanafunguliwa baada ya miezi minne, Mwalimu. Wageni wanakuja, watu wakubwa. Mtaro nimeuchimba mimi. Halafu siku ya kukata utepe asimame mkulima wa vitunguu? Nitatoka baada ya maji."

"Uliahidi."

"Waliahidi wazee na pombe yao. Mimi sikunywa. Na wenzangu wa chama wamenikataza kabisa kuachia."

"Na mimi je?"

Alinitazama, na nikaona kabisa kwamba alikuwa amesahau. Lile jambo lilikuwa limemtoka kichwani tangu siku ile. Likamrudia usoni kidogo, halafu akalifukuza. "Wewe ulikunywa pombe tu. Hayo ni mambo ya kishirikina, na msomi mzima kama wewe. Damu ya Yesu inatulinda."

Msomi! Miaka thelathini na mitatu nimefundisha watoto kwamba radi ni umeme na malaria ni mbu. Najua. Nilikuwa najua siku ile na najua leo. Lakini chumba cha pili alikuwa amelala mwanangu na tumbo lake, na yale maneno niliyaitikia kwa mdomo wangu. Nilimwambia mume wangu kwamba yeye anaogopa wageni wakubwa wasimkose kwenye picha, na mimi naogopa kuzika. Akasema nimezidisha. Nikavunja sahani, si kwa bahati mbaya.

Kesho yake nilimpigia simu mama yangu. Mimi ni mzaliwa wa Gitting, kule Hanang, na mama bado yuko huko, mzee wa kanisa, hakosi ibada. Nilitegemea anicheke.

"Maneno yalisemwaje?" akauliza.

Nikamwambia. Nikasikia anazima redio.

"Mama, upo?"

"Nipo. Aliyekunywa ni nani?"

"Mimi."

"Mwambie mumeo aachie hicho kiti leo. Si kesho. Na wewe usimwambie mtoto kitu." Halafu mama yangu, anayenitumia mistari ya Biblia kila Jumapili, akaniuliza kama mzee aliyesema maneno bado yuko hai. Nikasema yuko. Akasema afadhali, aliyefunga ndiye anayeweza kufungua.

Mambo ya kijijini hayajifichi. Mwezi ulipopita bila barua, watu walianza kuacha kuja kwangu. Hakuna aliyenitukana, laiti wangenitukana ningejibu, mdomo ninao. Walipungua tu. Akina mama tuliokuwa tunapepeta pamoja wakapepetea kwao. Jirani mmoja alikuwa anakuja kila Alhamisi kumwangalia binti yangu na kumpa moyo, mama aliyezalisha nusu ya kijiji kabla hatujawa na zahanati. Akaacha. Nilimkuta kisimani nikamuuliza. Akatazama ndoo yake. "Nitakuja, Mwalimu. Ng'ombe ananisumbua." Alikuwa hana ng'ombe anayesumbua. Aliogopa kubeba kilicho kwangu akipeleke kwenye nyumba yenye watoto. Na mimi ningeogopa hivyo hivyo, ndiyo maana sikumlaumu.

Ndani ya nyumba kila kitu kilinitisha. Kuku wangu aliatamia mayai kumi na moja na hakuna lililoanguliwa hata moja. Nikayapasua nyuma ya nyumba moja baada ya jingine nikitafuta lenye kifaranga, yote maji. Nikayafukia binti asione. Miguu yake ikaanza kuvimba. Mtoto akinyamaza tumboni saa moja, nilikuwa natafuta sababu ya kumpa mwanangu uji wa moto ili mtoto aamke ateke.

"Mama, mbona watu hawaji siku hizi?" akaniuliza.

"Ni msimu wa palizi."

"Palizi si iliisha?"

"Kwa wavivu ndiyo inaanza," nikamjibu, akacheka, na mimi nikacheka, huku mgongo unanitoka jasho.

Makamu alikuja siku moja mchana na fungu la vitunguu swaumu. Alivua kofia mlangoni. "Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Karibu ndani."

Hakuingia. Alibaki kizingitini, na nilielewa. Akasema kwa sauti ya chini, "Mimi sitaki ugomvi na Mwenyekiti. Lakini wenzangu bondeni wamechoka. Wanasema mkutano wa Jumatano asipotoka, wanafukia mtaro, na atakayewazuia wanaye." Akaikunja kofia yake. "Tena, Mwalimu, na mimi nilikunywa. Mke wangu ananyonyesha. Nikinyamaza wakati mapatano yanavunjwa, si na mimi nimevunja?"

Tangu ana miaka saba alikuwa akiniuliza kila kitu. Siku hiyo nilipokea vitunguu tu nikamshukuru.

Jumatano mkutano mkuu wa kijiji ulikusanyika uwanja wa shule. Watu wa bondeni walikuja na fimbo, na wengine na majembe, eti wametoka shambani. Wa mlimani walikaa upande wao, nao hawakuwa mikono mitupu. Kati ya pande mbili palibaki nafasi ya kupita mtu mmoja. Mbele ilikuwepo meza, mume wangu na mtendaji wamekaa, na kwenye meza daftari na kisanduku cha mbao chenye muhuri wa mwenyekiti. Nilimwacha binti yangu amelala nikaenda.

Mume wangu alifungua mkutano, akasema agenda ni maandalizi ya wageni wa maji. Bondeni wakaanza kunguruma. Mmoja akapiga kelele, "Barua iko wapi?" Mwingine wa mlimani akamjibu tusi. Watu wakasimama. Niliona fimbo zinanyanyuka, na kwenye akili yangu nikaona mkia wa yule ng'ombe.

Nikapita katikati, pale penye nafasi.

"Mwenyekiti, naomba kusema."

"Mwalimu, kaa. Kuna utaratibu."

"Sikai." Sauti yangu ilitoka ile ya darasani, na nadhani ndiyo iliyowakalisha, maana nusu ya wale wenye fimbo nimewafundisha mimi. "Mwenyekiti anasema hakunywa. Ni kweli. Nilikunywa mimi, hapa mpo mliokuwepo. Kama kiapo ni changu, basi na kiti kilikuwa changu. Na mimi muda wangu umeisha. Nakirudisha."

Nikafungua kisanduku, nikachukua muhuri, nikaenda nao mpaka kwa makamu nikamwekea mkononi. Kuna aliyecheka. Halafu hakuna aliyecheka tena. Makamu alishika ule muhuri kwa vidole viwili, utadhani kaa la moto, hajui aurudishe au auweke mfukoni.

Maskini mtendaji akasimama. "Mama, samahani sana. Muhuri wa kijiji haukabidhiwi na mke wa mtu." Akaja akauchukua, akaurudisha mezani.

Mume wangu hakunitazama. Alisema mkutano umeahirishwa, akabeba kisanduku chake akaondoka. Watu wakatawanyika bila kupigana, hilo tu ndilo lililopatikana. Nilibaki uwanjani nikijua nimemwaibisha mume wangu mbele ya kijiji kizima na sijaokoa chochote. Nyumbani hakunisemesha. Nikimwekea chakula, anakula. Nikimsalimia, anaitikia. Basi.

Siku ya pili yake asubuhi, binti yangu aliniita kutoka chumbani kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia. Ilikuwa wiki tano kabla ya wakati. Shuka lilikuwa limelowa.

Mume wangu alikuwa ameshaondoka kwenda mtaroni, simu yake haipatikani. Nikakimbia kwa jirani mwenye gari. Mvua ilikuwa imenyesha na ile njia ya kutelemka ilikuwa utelezi mtupu. Gari likayumba, dereva anaomba, mimi naomba, mwanangu ananishika mkono mpaka pete ikaniingia kwenye nyama. Nakumbuka nilikuwa nasema tu, si leo, si leo, ngoja kwanza, kama vile kuna mtu nabishana naye.

Hospitalini mjini walimpokea haraka. Daktari alitoka baada ya muda, kijana mdogo, akaniambia mapigo ya moyo wa mtoto yanashuka, watampasua. Nikaweka sahihi. Mkono wangu uliosahihisha madaftari miaka yote hiyo ukaandika kitu ambacho hakisomeki. Muuguzi akanionyesha benchi.

Nitasema nilichofanya, ingawa naona aibu. Nilikwenda kwenye sinki la kunawia mikono pale ukumbini, nikaingiza vidole kooni, nikajitapisha. Nilitaka kuitoa. Pombe niliyoinywa miaka miwili na nusu iliyopita, nilitaka kuitoa yote, funda baada ya funda. Kikatoka chai ya asubuhi tu. Nikaingiza tena. Mama anayefanya usafi akanishika bega akaniuliza, "Shangazi, na wewe ni mjamzito?" Nikacheka na kulia kwa pamoja. Akanifuta na kanga yake akanirudisha kwenye benchi.

Nilikaa. Sijui ni muda gani. Mlango wa mwisho wa ukumbi ukafunguliwa akaingia mume wangu na gambuti, tope mpaka magotini. Watu walimpisha. Akaja akakaa pembeni yangu. Nikageuka nimwambie maneno yote niliyokuwa nimeyaweka tangu siku ya barua, nikasikia harufu.

Asali. Asali na uchachu.

Nikamtazama vizuri. Macho yalikuwa mekundu.

"Umekunywa," nikasema.

"Walinifikia na habari mtaroni. Nikaenda kwa mzee." Alikuwa anasema huku anatazama gambuti zake. "Barua nimeandika palepale kwake. Muhuri anao mwanafunzi wako. Nikamwambia mzee anihamishie mimi. Kile kilicho juu yako."

"Akakubali?"

"Akaniambia nikinywe mwenyewe. Mafunda matatu, nimesimama." Akaiweka mikono yake chini ya mapaja. "Nikamuuliza kama tumechelewa. Akasema hajui. Mwalimu, akasema hajui."

Mimi nilikuwa na hasira ya kumtosha mwaka mzima, na yote ikaniisha hapo. Nilimshika kiwiko. Tulikaa hivyo, watu wazima wawili wa kanisani, tunanuka pombe na matapishi, hatuwezi hata kusali kwa sauti.

Tulimsikia kabla ya kuona mtu. Sauti nyembamba, ya kukasirika, nyuma ya mlango. Muuguzi akatoka akasema mama yuko salama, mtoto ni wa kike, mdogo, lakini ana nguvu. Nikapiga vigelegele ndani ya hospitali nikafokewa.

Walipoturuhusu kumwona, mume wangu alisimama mlangoni, mikono ameificha nyuma.

"Njoo umshike mjukuu wako," nikamwambia.

"Bado."

"Bado nini?"

"Acha kwanza nione kama hili nililobeba limeisha," akasema. Yeye aliyeniambia ni ushirikina. Sikumtania, ingawa nafasi ilikuwa nzuri. Aliondoka bila kumgusa, na nyumbani alikuwa hivyo hivyo wiki nyingi. Akimkuta mtoto kitandani anazunguka kwa mbali. Akilia, yeye anatoka nje na kusimama karibu na zizi, akisikiliza. Watu walirudi kunitembelea, yule mama wa ng'ombe msumbufu akawa wa kwanza, na mtoto alishikwa na kila mtu kijijini isipokuwa babu yake. Na mimi nilikuwa naamka mara kwa mara kuweka kidole chini ya pua yake nione kama anapumua.

Siku ya maji ikafika. Wageni walikuja, turubai likafungwa, na aliyesimama mbele na mkasi alikuwa mkulima wa vitunguu, kofia mkononi, suruali imepigwa pasi mpaka inang'aa. Mume wangu alisimama nyuma katikati ya watu, mlimani na bondeni wamechanganyika. Nilimwona anatazama ule utepe. Nilimjua, nikajua kinamuuma nini. Nikamchukua mtoto kwa mama yake, nikapenya mpaka alipo, na sikumuuliza. Nilimbandika kifuani kwake nikaachia mikono yangu, ikabidi amdake.

Alitaka kunirudishia. Nikarudi nyuma hatua mbili.

Mkasi ukakata. Bomba likakohoa tope, halafu maji yakatoka meupe, na kijiji kizima kikapiga makofi. Mume wangu hakupiga, mikono yake yote miwili ilikuwa imembeba mtoto. Kelele zilimwamsha, akaanza kulia kwa sauti ya juu kabisa, watu wakageuka kututazama, na hakuna hata mmoja wetu aliyembembeleza anyamaze.